Vidole Vitatu Ndani ya Kopo la Shea

Mwanangu Shani,

Barua hii nimeitia ndani ya kiatu chako cha kulia, kile cha raba ulichokisugua jana mpaka nikakionea huruma, ili usiweze kutoka nyumbani bila kuigusa. Isome ukinywa chai. Mimi utanisikia nje nafagia uwanja. Uwanja wenyewe niliufagia jioni, kwa hiyo ukichungulia ukaniona nahangaika na mchanga safi, usinicheke. Nakusubiri wewe.

Sitakuandikia habari za nauli, wala mahali pa kuficha simu ukisinzia kwenye basi, wala wanaume wanaojidai wanakusaidia begi. Hayo shangazi yako Mwantumu amekwishayasema na kuyarudia, na najua atakupigia simu kabla hamjafika Chalinze ayarudie tena. Wala sitakufundisha kazi unayoiendea huko Mwanza. Umekulia katikati ya ndoo za mafuta ya shea. Mzigo ukivuka mpaka kutoka Uganda ukafika mikononi mwako, unajua kwamba jua halitakiwi kuuona. Unajua kidole chenye maji ni adui, na kwamba shea ukiiyeyusha kisha ukaiacha ipoe polepole inaganda na chembechembe kama uji wa mpishi mvivu. Kopo unalijaza mpaka ukingoni ili hewa isipate pa kukaa. Ukikuta wanafungasha kwenye makopo ya mayonezi yaliyooshwa harakaharaka, utagomba mwenyewe. Mdomo unao, na hukuuokota njiani.

Ninachokuandikia ni jibu. Juzi tulipokuwa tunakunja nguo zako, uliniuliza bila kuniangalia: "Mama, hivi mie nilipokuwa mdogo ulikuwaga unanichukia?" Nikakwambia niletee ile sufuria kubwa. Ukaniletea. Sufuria ya nini, hata mimi mwenyewe sijui.

Sikukuchukia, mwanangu. Nilikuogopa.

Nimeliandika hilo neno, nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji. Sasa nimerudi, na nitakueleza tangu mwanzo, maana ulikuwa mdogo na mengine huwezi kuyakumbuka.

Baba yako alikuwa fundi uashi. Saruji ilikuwa imemla viganja mpaka vimepasuka, akishika kitenge kinanasa. Mimi wakati huo nilikuwa nauza maandazi tu. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Uganda akanipa bonge la shea ndani ya mfuko, akaniambia nimpake mume wangu. Salum alicheka, akasema yeye si mtoto wa arobaini. Akapaka hivyo hivyo kwa kunifurahisha, na haikuchukua muda ile mipasuko ikaanza kufunga. Ndivyo biashara hii ilivyoingia kwetu, kupitia mikono ya baba yako.

Alikuwa na kopo lake mwenyewe, linakaa dirishani. Kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu vya kazi anachota kwa vidole vitatu. Kidole chake cha pete kilikuwa kimepinda, tofali lilikivunja zamani kikaunga vibaya, kwa hiyo ndani ya shea alikuwa anaacha mifereji mitatu, na wa tatu umekwenda upande. Akishapaka mikono anakuita: "Shani, njoo tugawane urithi." Kile kilichobaki vidoleni anakupaka kwenye paji la uso. Ulikuwa unakaa wima kabisa unapopakwa, na macho umefumba. Kama umesahau mengine yote, nadhani hilo hujalisahau.

Asubuhi ile alichota, akakupaka, akaondoka. Adhuhuri wakaja watu wawili wakavua kofia mlangoni. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao alipokuwa anapandisha ukuta. Hapo sitakaa, Shani. Napita.

Nyumba yetu hii ya Chamazi ilikuwa bado haijaisha. Chumba chenye sakafu na mlango kilikuwa kimoja tu, ndicho cha kulala, na ndicho nilichokuwa nawekea mzigo wangu. Wakatoa kitanda, wakasogeza ndoo zangu ukutani, wakamwoshea humo. Ndoo zote zilikuwa na mifuniko yake imebanwa. Kopo la baba yako peke yake ndilo halikuwa na mfuniko, kwa sababu wewe ulikuwa umeuchukua kuwa sahani ya kupikia michanga yako. Sikukugombeza, na leo sikugombezi. Nilikuwa nimelifunika na kisahani cha chai.

Sasa waoshaji walihitaji kitu cha kupondea karafuu maiti, ya kutia kwenye maji ya mwisho na kwenye sanda. Wakakiona kile kisahani. Wakakitumia, na walipomaliza wakakirudisha juu ya kopo, na punje nyeupe zilizobaki zikiwa humo humo. Mwoshaji mmoja alikuja kunieleza hivyo baada ya muda mrefu, nilipomuuliza. Aliniambia: "Tulirudisha kila kitu mahali pake, Mama Shani, hatukutaka kukuongezea kazi." Alikuwa anasema kweli, maskini.

Nikaingia eda katika chumba hicho hicho. Miezi minne na siku kumi, dirisha limezibwa kwa kanga, mimi na ndoo zangu na lile kopo. Harufu ya karafuu maiti mwanzoni ilikuwa inanikaba, baadaye nikaizoea, mwisho nikawa siisikii kabisa. Zile ndoo zilizofungwa hazikupata kitu. Nilipotoka eda niliziuza zote, na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Kopo lile ndilo lililokunywa harufu mchana na usiku, mpaka likashiba.

Siku nilipotoka eda nilikiinua kile kisahani. Vidole vyake vilikuwa humo. Mifereji mitatu, wa tatu umepinda, na ukingoni kuna mahali shea imeinuka kidogo pale alipokung'uta. Nilikaa chini sakafuni. Watu wanabaki na picha, wanabaki na kanzu. Mimi nilibakiwa na mahali ambapo mkono wake ulipita asubuhi ya mwisho, na palikuwa pamebaki vile vile kama vile ameondoka sasa hivi.

Basi nikafanya kama muuza shea. Nikanunua mfuniko mzuri, nikaubana. Harufu nikaifungia ndani kwa mikono yangu mwenyewe, wala sikuifikiria. Nilichokuwa nakiwaza ni joto. Unaijua Februari ya huku, shea inaweza kulegea mezani ikawa mchuzi, na ikilegea mara moja tu vidole vinafutika. Nikachukua karai la baba yako la kuchanganyia saruji, nikalijaza mchanga, nikaumwagia maji. Ndani ya mchanga nikazamisha chungu, ndani ya chungu nikaweka kopo, nikasukuma vyote chini ya kitanda. Kila asubuhi nilikuwa namwagia kikombe cha maji ili mchanga usikauke.

Shangazi yako alinikuta siku moja nimepiga magoti na kikombe. Akasimama mlangoni. "Wifi, we unamwagilia kaburi humu ndani?"

"Nafukuza joto," nikamwambia.

Hakukaa sana siku ile. Aliaga hata chai hajamaliza.

Ulikuwa ndiyo umeanza shule. Jumamosi moja mchana kulikuwa na mechi pale uwanjani, mtaa mzima umehama, barabara hata kuku hapiti. Mimi nilikuwa sebuleni najaza makopo madogo. Ukatoka chumbani ukaja kuniegemea begani, kama ulivyozoea. Nikasikia karafuu maiti.

Haikuwa kwa mbali. Ilitoka kwako, kwenye nywele zako na pumzi yako. Nikageuka, nikaona paji lako la uso linang'aa.

"Umetoka wapi?"

"Kwa baba."

"Baba gani, Shani?"

"Baba yangu mie." Ukanishika mkono. "Mama, mkono wake wa baridi."

Wakati huo huo watu wakapiga kelele kule uwanjani, sauti ikaja mpaka kwetu, ikapanda, halafu ikanyamaza yote kwa mkupuo. Ukimya uliofuata sijawahi kuusikia tena. Nilikutoa begani mwangu. Nilikutoa taratibu, kama mtu anavyotoa mdudu bila kutaka kumshtua. Huo ndio mwanzo.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo. Paka wa jirani akawa anaingia chumbani na kukaa mbele ya kitanda, anatazama uvunguni, hafukuziki. Akikuona anakufuata, anakulamba vidole, anataka kukupanda usoni. Nikasema wanyama wanaona tusiyoyaona sisi. Asubuhi moja niliona nyayo zako sakafuni, za mchanga mbichi, zimetoka chumbani zimekuja mpaka mlangoni. Nikajiambia ndivyo zingekuwa nyayo za mtu aliyetoka makaburini mvua ikiwa imenyesha. Karai la mchanga mbichi nalimwagilia mimi mwenyewe kila siku, mwanangu, na bado sikuliwaza! Mwenye hofu hahesabu moja na moja.

Nilikuogesha kwa sabuni ya kipande, nikakusugua mpaka ukalia. Kesho yake unanukia tena. Nikawa nakuogesha huku nimebana pumzi. Kichwa chako nikaacha kukisuka, nikawa nakupeleka kwa jirani na kudai vidole vinaniuma. Ukija kulala naugeukia ukuta. Nilikuwa nakusikia unavyojisogeza taratibu kunifuata, na mimi najisogeza, mpaka ukuta ukawa unanigusa paji la uso.

Nikakupeleka kwa mwalimu wa madrasa akuandikie kombe. Akaandika sahanini, akaosha, ukanywa, ukakunja uso ukauliza kama hana sukari. Mwalimu alicheka. Akaniambia, "Mama Shani, huyu mtoto mzima. Mpe chakula, alale na wewe." Nilitoka pale nimekasirika, nikamwona hajui kazi yake.

Ndipo nikakupeleka Tabata kwa shangazi. Uliambiwa ni kwa sababu ya shule nzuri. Shule ilikuwa ya kawaida tu, tena darasa limejaa kuliko la huku. Harufu ikaisha ndani ya siku chache. Shangazi akanipigia: "Wifi, mtoto ananukia sabuni tu huyu. Una uhakika?" Nikasema, ndiyo hivyo, kumbe kinachomfuata kipo hapa. Na nikalala peke yangu juu ya kitanda kile kile, kopo likiwa chini yangu, na kila asubuhi nikamwagia maji yangu. Angalia ujinga wa mama yako. Nilimwogopa mtoto, sikuogopa kaburi.

Likizo ukarudi. Siku ya pili nikaisikia harufu. Tulikuwa tunakula, ugali na mchicha, ukasema kama mtu anayetoa taarifa ya kawaida: "Mama, baba anapungua."

Nikalibwaga tonge sahanini. Sikukuuliza anapungua vipi. Kama ningekuuliza tu, Shani! Ungenieleza, ulikuwa mtoto wa kueleza kila kitu. Badala yake nikafungasha nguo zako likizo ikiwa haijafika hata katikati. Ulishika ubao wa mlango kwa mikono miwili. Mimi nikavibandua vidole vyako, kimoja kimoja, na vilikuwa vinateleza. Hata hapo sikujiuliza vinatelezeshwa na nini.

Mwaka ukaisha wewe uko Tabata. Siku moja akaja mteja, mwalimu anayefundisha Gongo la Mboto, kopo mkononi.

"Mama Shani, mie sijaja kwa ugomvi. Ila mafuta yako yananuka dagaa."

Nikafungua, nikanusa. Dagaa kweli, tena wakavu. "Ulikuwa unaiweka wapi?"

"Kwenye kabati la jikoni. Mfuniko ulipasuka, nikafunika na gazeti."

Mimi hapo ndipo mahali pangu pa kujidai, unanijua. Nikashika kiuno. "Dada, shea haina kabila. Ukiilaza na dagaa inaamka dagaa. Ukiilaza na vitunguu inaamka vitunguu. Yaani hata ukiilaza na mai..."

Yule mwalimu akangoja nimalize. Nilimwacha amesimama sebuleni na kopo lake la dagaa nikaingia chumbani, na nakumbuka alikuwa anaita, "Mama Shani? Mama Shani, ni nini?"

Nikavuta karai. Mchanga upande mmoja, ambako kikombe changu hakikuwa kinafika, ulikuwa umebonyea mara mbili, sawasawa, ukubwa wa magoti ya mtoto. Mfuniko haukuwa umekaa vizuri, ulikuwa umebanwa na mtu asiye na nguvu za kuubana. Nikafungua. Ile harufu ikanijia yote, ya chumba, ya eda, ya paji lako la uso.

Mifereji mitatu ilikuwepo, wa tatu umepinda. Ila ndani ya kila mfereji kulikuwa na mwingine, mwembamba, umekwenda chini zaidi. Kingo zake hukuzigusa. Ulikuwa unaweka vidole vyako ndani ya vidole vyake, unafuata alipopita, mpaka pale penye kona ya kidole cha pete, unachota kidogo cha kupaka paji la uso. Mchanga mbichi ulikuwa umeipoza shea ikawa ya baridi. Na kila ulipochota ilikuwa inapungua. Ulinieleza yote, mwanangu, neno kwa neno. Hukuwa umesema hata moja la uongo.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Tabata. Ulikuwa unaosha vyombo uani. Ukaniona, ukakausha mikono kwenye gauni, ukasimama pale pale. "Shikamoo mama," ukasema, kama unavyomwamkia mgeni. Kule nyuma ungekimbia ukanivaa miguuni. Nimeamkiwa shikamoo nyingi maishani. Hiyo moja ndiyo ninayoisikia mpaka leo.

Nikakurudisha nyumbani. Sasa hapa ndipo penye kosa lenyewe. Kwa hofu naweza kujitetea, nilikuwa mjane na kichwa hakijatulia. Lakini baada ya kujua ukweli nilipaswa kukupakata na kukwambia: nimeona vidole vyako, mwanangu, nisamehe. Sikusema. Nilichukua plasta ya mafundi wa umeme, ile nyeusi, nikauzungushia mfuniko, nikazungusha tena na tena mpaka plasta ikaisha. Nikajiambia ni kwa sababu ya hewa. Nilikuwa na hoja nzuri kweli ya kibiashara: shea ikifunguliwafunguliwa inachacha, wanunuzi wote nawaambia hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuonea wivu. Mimi nilikuwa namlinda asiguswe, na kidole changu sijathubutu kutia hata mara moja. Wewe ulikuwa unampigia magoti, unamshika mkono, anakupaka usoni, unaenda kucheza. Nilimwonea wivu mtoto wa darasa la pili.

Ulirudi kutoka shule ukaingia chumbani. Nilikuwa nimekaa sebuleni nasikiliza. Nikasikia karai likivutwa. Halafu kimya. Halafu likarudishwa. Ukatoka, mikono mikavu, ukapita mbele yangu ukaenda kuteka maji. Hukuniuliza, na mimi sikukueleza. Tangu siku hiyo watu wote wanasema Shani mcheshi, Shani anavunja watu mbavu, na mimi nacheka nao wakati kwangu unakuja na habari za chumvi imeisha. Nimekaa na wewe miaka yote hii nyumba moja, tunajaza makopo meza moja, na hatujawahi kulizungumza kopo la chini ya kitanda. Kila asubuhi nikimwagia maji ulikuwa unajifanya unatafuta kitana.

Leo umelala, nimechukua kisu nikakata plasta.

Nilitegemea kukuta uvundo. Pembeni kweli imechacha, imegeuka njano, inatoa ile harufu ya karanga za mwaka juzi. Katikati bado nyeupe. Na karafuu maiti ikatoka kwa nguvu hivi kwamba niligeuka kutazama mlangoni nani ameingia. Sikumwona mtu. Pazia lilikuwa limetulia. Lakini nilikaa muda na mgongo wangu ukiwa unasubiri kuguswa, na nitakwambia kitu ambacho sitamwambia shangazi yako: sikuogopa. Nilitamani niguswe.

Halafu nikatia vidole vyangu. Vitatu, kama yeye, katika mifereji yake, mpaka chini kwenye yako. Kidole changu cha pete ilinibidi nikipinde ili kifuate njia. Ni wa baridi, Shani. Ulisema kweli. Ni mkono wa baridi, na umetulia, unakupisha uingie.

Nilifikiria kukupa kopo hili uondoke nalo. Ungekuwa urithi wako, alisema mwenyewe mgawane. Lakini basi linachemka chini ya viti, wewe muuza shea mwenzangu unajua: kabla ya Dodoma litakuwa limelegea, na ukifika Mwanza utafungua ukute mafuta laini, hayana alama ya mtu. Kwa hiyo linabaki hapa kwenye mchanga wake. Plasta nimeitupa. Ukija likizo utalikuta limefunikwa tu, na karai nitalisogeza upande wako wa kitanda. Na siku nitakayoshindwa kupiga magoti kumwagia maji, liyeyuke. Sitakuandikia uje ulinde.

Ila sikutaka uondoke mikono mikavu kama siku ile. Kwa hiyo nimejipaka mimi. Nimepaka shingoni, na kwenye mabega pale unapoegemeza kichwa, na kiganja changu cha kulia kina shea ya kutosha paji moja la uso. Sitaoga asubuhi. Wapiga debe wa stendi watanishangaa, shauri yao.

Chai yako sasa itakuwa imepoa. Weka kikombe chini, nitakisikia. Najua ninavyonukia, mwanangu, nanukia kama ulivyokuwa unanukia wewe ulipokuja kuniegemea nami nikakutoa begani. Njoo hapa nje uniegemee tena. Mimi nilibana pumzi. Wewe usibane.

Ni mimi mama yako, niliyeshika ufagio.